Niliyojifunza kwa Baba Hikari

Mwezi Juni 1963, mwandishi kijana wa Tokyo aitwaye Kenzaburo Oe alipata mtoto wake wa kwanza, Hikari. Alikuwa na miaka 28 na tayari jina lake lilikuwa linajulikana Japani nzima, kwani mwaka 1958, akiwa bado mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alishatwaa Tuzo ya Akutagawa, ambayo kule ndiyo inayomtambulisha mwandishi mpya kwa wasomaji. Mtoto alizaliwa na uvimbe mkubwa kichwani. Fuvu lilikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo ubongo ulikuwa umetokeza nje. Madaktari walimweleza baba bila kumficha: asipopasuliwa atakufa, akipasuliwa huenda akaishi, lakini kwa ulemavu mzito.

Mimi ni mama wa kijana mwenye utindio wa ubongo. Hiyo ndiyo sababu ya kumsoma Oe, wala si Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliyopewa mwaka 1994. Nimemsoma kwa tafsiri za Kiingereza, usiku, nyumba ikishatulia, na vitabu vyake vimenifaa kuliko vijitabu vyote vya ushauri kwa wazazi nilivyowahi kupewa. Wanaomtaja huku kwetu, na ni wachache, hutaja mambo mawili: baba aliyepata Nobel, na mwana aliyekuja kuwa mtunzi wa muziki. Kilichonifaa mimi ni cha tatu. Hakina tuzo wala makofi, na nitakifikia.

Kwanza alikimbia. Nalisema hili kwa heshima, maana mwenyewe hakulificha. Mtoto akiwa bado hospitalini kati ya kufa na kupona, Agosti ya mwaka ule Oe alisafiri kwenda Hiroshima kuandika habari za mkutano wa dunia wa kupinga mabomu ya atomiki na haidrojeni. Mkutano wenyewe ulijaa mivutano ya vyama vya siasa. Kilichomshika ni watu wa hospitali: wagonjwa waliokuwa wakiishi na madhara ya bomu miaka 18 baada ya kuanguka kwake, na daktari Fumio Shigeto, mkuu wa hospitali iliyowatibu, ambaye naye alikuwa Hiroshima siku ile ya Agosti 6, 1945, akanusurika. Shigeto alianza kuwahudumia watu kabla hajajua ugonjwa ule ni ugonjwa gani. Hapakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Palikuwa na watu wenye maumivu mlangoni, basi akafanya alichoweza, na kesho yake akafanya tena. Oe alirudi Tokyo akakubali mwanawe apasuliwe. Insha za safari zake za Hiroshima zilitoka kama kitabu mwaka 1965, na mwanzoni kabisa anataja kwamba alikwenda kule mtoto wake akiwa hali mahututi.

Nilipomsoma Shigeto nilimkumbuka mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempokea mwanangu alipokuwa mdogo. Nilimuuliza maswali yote ambayo mama huuliza: atakaa? atatembea? atasema? Akaniambia, "Mama, atafika wapi hatujui. Wewe mlete Jumanne." Wakati ule jibu lile liliniumiza. Sasa naliona ni jibu la mtu mkweli, na la mtu anayejua kazi yake. Hakuniahidi kitu na hakunifukuza. Jumanne ikifika, tulikwenda.

Mwaka 1964 Oe alitoa riwaya iitwayo Kojinteki na taiken, juu ya yale yanayompata mtu akiwa peke yake. Mhusika mkuu anaitwa Bird, mwalimu wa miaka 27, na tunapokutana naye mara ya kwanza yuko dukani anakodolea macho ramani ya Afrika. Mkewe yuko leba. Kwa miaka mingi Bird ana ndoto ya kusafiri Afrika, na sasa ananunua ramani za barabara za bara hili. Habari za mtoto zinapomfikia, ndoto hiyo inageuka mlango wa kutorokea. Anakunywa pombe mpaka anatapika mbele ya wanafunzi wake na kupoteza kazi. Anajificha nyumbani kwa mwanamke aliyesoma naye zamani. Hospitalini anakubaliana na daktari kwamba mtoto apewe maji ya sukari badala ya maziwa, ili adhoofike mwenyewe na kufa. Mtoto hafi. Bird anamchukua kumpeleka kwa daktari wa pembeni atakayemmaliza, na baada ya hapo safari ya Afrika inamngoja.

Nilisoma kurasa hizo nikiwa Dar es Salaam, ndani ya Afrika hiyohiyo ya kwenye ramani yake. Bird anaiwazia kama mahali pa wanyama na anga tupu, ambapo hakuna mtu atakayemuuliza mtoto yuko wapi. Nami nilikuwa nimetoka kliniki mchana ule. Kule foleni huanza alfajiri, na kina mama huwabeba kwa kanga mgongoni watoto ambao miguu yao imeshavuka magoti ya anayewabeba. Ukikaa kwenye benchi utasikia habari za kina baba. Mmoja alikwenda Mererani kutafuta madini, mwingine Afrika Kusini, mwingine alihamia mtaa wa pili tu lakini hapiti tena njia ile. Wote waliondoka baada ya kuambiwa. Bird naye alikuwa na ramani yake. Nilimwelewa kwa ndani kuliko nilivyotaka kumwelewa, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu kile: hakikupi nafasi ya kumdharau mtu anayekimbia, kwa sababu kinakuonyesha woga wake kutoka ndani, saa baada ya saa. Mume wangu hakuondoka. Alikisoma kitabu hicho baada yangu, akakirudisha mezani akasema, "Huyu mtu amesema kweli," na kwa siku kadhaa hakuongeza neno.

Ninalo lalamiko moja juu ya riwaya hiyo, na ni la mama. Mke wa Bird amelazwa tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Amefichwa hali ya mtoto. Wanaume, pamoja na mama yake mzazi, wanaamua mambo kwenye ukumbi wa hospitali, naye anaulizwa baadaye. Kuna mahali anamwambia mumewe kwamba akimtelekeza mtoto wataachana, na ni kauli nzito kuliko zote kitabuni kwa maoni yangu, lakini Oe anaipita upesi. Kwenye maisha halisi mkewe, Yukari, ndiye aliyebeba siku nyingi za kazi ile, na miaka ya baadaye ndiye aliyechora picha za vitabu vya insha ambavyo Oe aliandika juu ya familia yao. Ningependa kusoma kitabu cha Yukari.

Mwishoni Bird anaacha kukimbia. Anamrudisha mtoto hospitalini, upasuaji unafanyika, mtoto anaishi. Wakosoaji wengi hawakuupenda mwisho huo. Hata Yukio Mishima, mwandishi mwenye jina kubwa wakati ule, aliulaumu. Waliona matumaini yamekuja haraka mno. Lakini mwaka huohuo Oe aliandika pia hadithi fupi ambamo baba anaichukua njia ya pili: anakubali maji ya sukari na mtoto anakufa, kisha uchunguzi wa maiti unaonyesha kwamba uvimbe ule ulikuwa wa kutibika. Baada ya hapo baba huyo anaona mtoto mnene mwenye gauni jeupe la kulalia, mkubwa kama kangaruu, akimshukia kutoka angani. Anayezisoma hadithi hizo mbili pamoja hawezi kusema kwamba Oe alijirahisishia mambo. Alizipita njia zote mbili kwenye karatasi, wakati nyumbani ameshachagua moja na anaiishi.

Mtoto wa Oe mwenyewe walimpa jina Hikari, maana yake nuru. Kwa miaka ya mwanzo hakuitikia sauti ya mtu yeyote, si mama wala baba. Alichoitikia ni ndege. Wazazi wakamtafutia sahani za santuri zenye sauti za ndege wa porini, ambamo mtangazaji hutaja jina la kila ndege baada ya mlio wake, na nyumba ikawa inapiga milio hiyo kutwa. Alipokuwa na miaka sita walikwenda kukaa kwenye nyumba yao ya mlimani wakati wa kiangazi. Kutoka ziwani, ng'ambo ya kichaka cha miti, wakalia ndege wawili wa majini ambao Wajapani huwaita kuina. Mtoto akasema, kwa sauti ileile ya mtangazaji wa santuri, kwamba hao ni kuina. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya maisha yake. Oe aliyasimulia Stockholm Desemba 1994, kwenye hotuba yake ya Nobel, akaeleza kwamba tangu siku ile yeye na mkewe waliweza kuanza kuzungumza na mtoto wao. Kwenye hotuba hiyohiyo alisimulia kwamba akiwa mvulana wakati wa vita, kijijini kwao ndani ya misitu ya kisiwa cha Shikoku, kitabu kimoja alichokipenda kilikuwa kile cha mwandishi wa Sweden, Selma Lagerlöf, juu ya mvulana Nils, anayeruka na mabata bukini na kuelewa lugha ya ndege. Aliona kama kitabu kile kilimtabiria.

Baada ya ndege ukaja muziki wa Bach na Mozart. Hikari alipata mwalimu wa piano, akaanza kutunga vipande vifupi na kuviandika noti mwenyewe. Mwaka 1992 ilitoka sidii ya kwanza ya muziki wake, ikanunuliwa sana, na nyingine ikafuata mwaka 1994.

Hapa ndipo wengi husimama na kupiga makofi, na hapa ndipo mimi hutaka kusema polepole. Tangu mwanangu akiwa mchanga nimeambiwa, na watu wema kabisa, kwamba Mungu akimnyima mtu hiki humpa kile. Ngojea, wanasema, kipaji chake kitatokea. Mmoja alimletea kinanda kidogo cha betri. Wengine rangi. Nawashukuru wote. Lakini kijana wangu hatungi muziki na hachori. Anapenda mwanga unaopita kwenye majani ya mwembe uani, anapenda kuogeshwa, anapenda sauti ya dada yake. Hajasema neno, na umri wa kutarajia neno umeshapita. Nikimsoma Oe kama hadithi ya kipaji kilichofidia ulemavu, basi mwanangu anabaki na deni, na mimi nabaki nasubiri malipo. Sitaki kumlea mtu kwa kusubiri malipo. Ndugu zangu mnaosema maneno yale kwa mapenzi, naomba myafikirie tena mbele ya mama mwingine.

Naamini Oe hakuiandika hadithi ya namna hiyo. Ukisoma mahojiano yake ya uzeeni utakuta jambo dogo alilolieleza bila mbwembwe. Kila usiku wa manane Hikari aliamka kwenda chooni. Baba yake alikuwa macho akimngoja, na akirudi kitandani alimfunika blanketi vizuri, kwa sababu mwenyewe hakuweza kujifunika sawasawa. Alifanya hivyo mwana akiwa mtoto, akaendelea mwana akiwa mtu mzima mwenye sidii madukani na baba akiwa mzee mwenye Nobel. Alikusudia kuendelea hivyo mpaka kufa kwake.

Hicho ndicho cha tatu nilichosema. Riwaya ya 1964 inamalizikia pale mtu anapoamua. Usiku wa blanketi ndiyo maisha yanayofuata baada ya kuamua, na hayo ndiyo yaliyomchukua Oe karibu miaka 60. Hakuna mtu anayekuandaa kwa sehemu hiyo. Watu hukusifu siku ulipokubali mtoto, wanakuombea, wanaleta mchele na sabuni, halafu wanarudi makwao, na kazi yenyewe ndipo inapoanza: kumgeuza ubavu asipate vidonda, kumsafisha, kumpa dawa ya kifafa kwa saa yake, kumlisha kijiko kwa kijiko. Kazi hiyo haisongi mbele. Kesho inaanzia palepale. Kujua kwamba mtu aliyeweza kukaa popote duniani, Princeton kule Marekani au Stockholm, naye alikuwa anangoja mlango wa choo ufunguliwe usiku, kulinipa heshima ya kazi yangu ambayo sikuwa nimeipata kanisani wala kliniki.

Jambo jingine linafanana na hilo. Oe aliandikia sebuleni, ameketi kitini, na Hikari chumba hichohicho akisikiliza muziki wake. Alisema kwamba hakuhitaji upweke ili aandike. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na madaftari ya wanafunzi hayaishi. Nilihamishia meza yangu chumbani kwa mwanangu. Nasahihisha huku yeye anatoa sauti zake, na kwa kukaa hivyo nimezijua: iko ya njaa, iko ya kuchoshwa na ubavu mmoja, iko ya furaha tupu ambayo haiombi kitu. Hakuna daktari aliyenifundisha sauti hizo. Zimetokana na kukaa chumba kimoja wakati kila mtu ana shughuli yake.

Wapo waliomwona Oe kama mtu wa siasa tu, mkaidi. Mwaka ule wa Nobel alikataa Nishani ya Utamaduni ambayo hutolewa na mfalme wa Japani, akisema kwamba hatambui mamlaka yaliyo juu ya demokrasia. Kitabu chake cha 1970 juu ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, kilimfikisha mahakamani mwaka 2005, kwa sababu aliandika kwamba jeshi la Japani lilihusika na raia wa visiwani kujiua kwa wingi mwaka 1945. Alishinda, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaifunga kesi mwaka 2011. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, mwaka huohuo, alisimama barabarani na maelfu ya watu kupinga mitambo ya nyuklia, akiwa na miaka 76. Sioni watu wawili hapo. Aliyezoea kumsikiliza mtu asiyesema hawezi kuwaziba mdomo wanaosema.

Kitabu chake ninachokirudia mara nyingi ni cha 1983, Atarashii hito yo mezameyo, ambamo baba anajaribu kumwandikia mwanawe mwenye ulemavu maana ya vitu vyote vya dunia, ili siku baba asipokuwapo kijana awe na kitu cha kumwongoza. Baba ana ugonjwa wa jongo. Kijana, ambaye hawezi kusema na baba yake uso kwa uso baada ya ugomvi, anauinamia mguu uliovimba na kuusemesha wenyewe, anausifu kwamba ni mguu mzuri, anauuliza kama hajambo. Nililia hapo, nikacheka pia. Mwishoni kijana anarudi nyumbani kutoka bweni la shule na haitikii tena jina la utani ambalo familia imemwita miaka yote. Mdogo wake anamwita kwa jina lake halisi, Hikari, naye anakuja.

Sehemu hiyo ilinitia wasiwasi wenye faida. Oe alimweka mwanawe kwenye vitabu kwa miongo kadhaa, na kijana hakuulizwa. Baadhi ya wasomaji wake wa Japani walilisema hilo. Nadhani mwenyewe alilijua, ndiyo maana akaandika kijana anayelidai jina lake. Mimi naandika juu ya mwanangu hapa bila kumtaja jina, kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna swali ambalo kina mama wa kliniki hulinong'ona: nikifa mimi? Oe alifariki Machi 3, 2023, akiwa na miaka 88. Hikari alikuwa anakaribia miaka 60. Swali hilo Oe alikuwa ameliandika mapema, mwaka 1990, kwenye riwaya Shizuka na seikatsu, yaani maisha tulivu, ambayo msimulizi wake ni binti. Wazazi wanakwenda California, na binti huyo mwanafunzi wa chuo anabaki Tokyo na kaka yake. Anampenda na anachoka naye. Anaogopa kwa niaba yake. Anawaza kuhusu ndoa, na katika ndoa hiyo kaka yake yumo. Kitabu hicho nilimpa binti yangu. Alikisoma kwa wiki nzima, kisha akaja jikoni akaniuliza, "Mama, mlishaamua kwamba nitakuwa mimi?"

Tulikaa sote watatu, yeye, baba yake na mimi, tukazungumza mpaka usiku. Tangu hapo tuna daftari kubwa la jalada gumu, na sote tunaandika humo. Uji wake usiwe mzito. Alishwe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, na asilazwe hapohapo baada ya kula. Dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akikunja vidole vya mkono wa kushoto, ana kiu. Taarabu inamtuliza, matangazo ya mpira yanamshtua goli likifungwa. Mwite kwa jina lake, na umwambie kabla hujamnyanyua. Mjomba wake ameandika siku zake. Shangazi wa Morogoro ameandika zake. Binti yetu ameandika ukurasa wake kwa kalamu nyekundu: atakuwa anakuja Jumamosi na Jumapili, siku za kazi atakuwa kazini, na fedha za mtu wa kumsaidia zianze kuwekwa akiba sasa, si baadaye. Baba yake ameweka sahihi chini yake, na mwezi uleule tumefungua akaunti.